Baba Yenu Anataka Kuoa

Tangu nirudi, kila anayeniletea kitambaa ananiuliza swali lile lile kabla hata sijampima kiuno: "Furaha, ni kweli ulimkuta?" Nimesimulia na pini mdomoni, nimesimulia huku mashine inakimbia, na kila nikifika pahali patamu mteja anakumbuka kwamba aliacha sufuria motoni. Sasa nimechoka. Nimeandika yote hapa, tangu kwetu Shasha, kando ya ziwa, hadi Walikale na kurudi, ili atakayeuliza nimkabidhi karatasi nami nimalize mikono ya gauni lake. Habari za kutafuta ruhusa za njia na kupanga safari nimeziruka. Hazina utamu hata kwa aliyezifanya.

Shasha: ujumbe na viatu

Kwanza baba yangu, kwa wale wasiomjua. Aliitwa Mashauri, na alikuwa mwanajeshi tangu ujana wake, afisa wa cheo cha kapiteni. Hata tulipohama kambini, kambi ilihama nasi. Jumapili alitukagua kucha kabla ya kanisa. Nguo zake alipiga pasi mwenyewe, pasi ya makaa, kwa kuwa hakumwamini mtu, na viatu vyake viling'aa hata ungeweza kujitazama meno. Mezani hakuna aliyeinuka kabla hajasema "Repo," neno la jeshini la kuwaambia askari waliosimama wima kwamba sasa walegeze miguu. Mimi na kaka zangu tulikuwa tumekwisha kula zamani, macho mlangoni, naye anatafuna polepole huku akitukazia uso wa ukali wa uongo. Halafu: "Repo." Tulitawanyika kama vifaranga.

Siku aliyoondoka mara ya mwisho kwenda Walikale nilikuwa bado shule ya msingi. Alitupanga mstari mlangoni, mama akiwa wa mwisho na beseni lake la samaki kichwani, akatuamuru "Gadavu," yaani simameni wima, akacheka, akaenda zake bila kusema lile neno la pili. Vita ikafika huko, jeshi likatawanyika, na baba hakurudi, wala maiti yake. Wakubwa wake walituambia tuhesabu amekufa. Mama alikataa. Hakuweka matanga, na wanaume waliokuja kumposa, wengine watu wa maana kabisa, aliwarudisha na chai yao tumboni. "Hajanipa repo," alikuwa akisema, na watu walidhani anatania.

Miaka ikaenda hivyo, hadi juzi hapa alipokuja Mama Riziki. Huyu ni mchuuzi wa maharagwe kutoka Bihambwe, na kila akishuka ziwani hununua sambaza kwa mama, wale samaki wadogo ambao bila wao Shasha ingekuwa na njaa. Siku hiyo hakuuliza bei. Alimwamkia mama kwa heshima nyingi mno, nami nikajua kuna jambo.

"Mama Furaha, nimetumwa," akasema. "Papa ya batoto yako iko kule Walikale, muzima kabisa. Anasalimia. Anataka kuoa, na anaomba ruhusa kwenu."

Mama hakuangusha kitu. Alimaliza kupima samaki wa mteja aliyekuwa mbele, akamwongezea kidogo juu kama desturi, ndipo akauliza: "Kuoa nani?" Mama Riziki akasema hilo hakuambiwa, naye ujumbe aliupokea kwa mwenye pikipiki anayeleta mafuta ya mawese kutoka Walikale.

Siku zilizofuata mama alicheka peke yake, kisha alikasirika peke yake. "Mimi kumngoja yeye, yeye kungoja bibi-arusi!" alisema, na vifuniko vya sufuria vililia jikoni. Lakini nilimwona jioni moja akipaka miguu yake mafuta, polepole, kidole kwa kidole, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Hapo niliogopa sana. Niliogopa kwamba baba amekufa na mama ataumia upya. Niliogopa zaidi kwamba yu hai, kwa sababu mtu aliye hai kwa miaka yote hiyo bila kutuuliza ni mtu aliyetusahau kwa makusudi. Hilo lilikuwa moyoni mwangu safari nzima, na mtakaposoma vichekesho vyangu msilisahau.

Kaka zangu wako mbali, kwa hiyo safari ilinifikia mimi. Mama alitoa chini ya kitanda viatu vya baba vya kanisani, vyeusi, ambavyo amevipaka siraje, dawa ya kung'arisha, miaka yote kama mwenyewe yuko msalani tu anakuja.

"Utavitia ku miguu yake," aliniambia. "Vikimuenea, ni yeye, umwambie ruhusa sitoi. Visipomuenea, uniulizie kaburi, nijue kwa kulilia."

Kutoka Sake kupanda Bihambwe

Sake nilipata lori lililobeba chumvi, sabuni na magodoro, nikakaa juu ya magodoro nikijiona mwenye bahati. Bahati yangu iliishia kwenye kona ya tatu au ya nne ya mlima. Tope lilimeza magurudumu ya nyuma, lori likalala upande kidogo, na sisi wa juu tukashuka haraka kuliko tulivyopanda. Mbele yetu lori lingine lililokuwa likishuka kutoka Masisi nalo likakwama kwa kutupisha. Wanaume wakachukua majembe. Wanawake tukakaa kwenye ukingo wa njia, baridi ikitupiga, ng'ombe wa ule mlima wakitutazama kwa dharau.

Lori la juu lilikuwa na jibini za Masisi, letu lilikuwa na abiria wenye mikate ya Sake. Kwa hiyo tuliungana. Mama mmoja mwenye jibini alikata vipande kwa kisu cha kumenyea viazi, tukala mkate na jibini pale topeni kama watu wa harusi moja. Kula pamoja huleta maswali, nami mdomo wangu mnaujua. Kabla jibini haijaisha, malori yote mawili yalikuwa yanajua kwamba naenda kumwona baba yangu aliyepotea anayetaka kuoa.

Watu wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja likasema mzee ameomba ruhusa, na mtu anayeomba ruhusa ana adabu, apewe. La pili likasema bibi wa kwanza ndiye mwenye nyumba, na mzee arudi kwanza aeleze alikuwa wapi. Dereva wetu, tope hadi kifuani, aliacha jembe ili atoe maoni yake, na abiria wakamfokea arudi kazini. Mimi nilicheka nao. Kisha nikageuka upande wa bonde nikafuta macho, na yule mama wa jibini akaniongezea kipande bila kuniuliza kitu.

Tulipochomoka, mbele kidogo kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja mwenye mvi kidevuni akafungua mfuko wangu, akatoa viatu vya baba, akavitazama, akanitazama.

"Mwenye viatu iko wapi?"

Nilimjibu ukweli kwamba ndiye ninayekwenda kumtafuta. Akakigeuza kiatu kimoja juani, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, akasema aliyepiga siraje hii ni askari. Nikamwambia ni mama yangu.

"Basi mama yako aliolewa na askari ya kweli," akasema, akanirudishia viatu kwa mikono miwili.

Njia yote hadi Bihambwe nilivipakata viatu vile mapajani badala ya kuvirudisha mfukoni.

Mama Riziki alinipokea kwa maharagwe na viazi, na tulipokwisha kula nikambana. Nilitaka ujumbe kama alivyoupokea, neno kwa neno. Akajikuna shingo. Mwenye pikipiki alimwambia: umtafute muuza samaki wa ziwani, mke wa Kapiteni Mashauri; papa yao iko kule, anasalimia, anataka kuoa, anaomba ruhusa. Nikamwuliza, na "muzima kabisa" je? Akasema hilo aliliongeza yeye, kwani mtu anayesalimia atakuwa nini kama si mzima? Kwa upande wake alikuwa na haki.

Masisi: kungoja mtu wa mafuta

Mwenye pikipiki aliitwa Janvier, na Masisi nilimngoja huku mvua ikinyesha kana kwamba inalipwa. Kila aliyeingia nyumba ya wageni aliniambia Janvier yuko karibu. Karibu yao ilikuwa pana. Nilishona vifungo vya mashati ya wageni wote kwa sindano ya mkononi, nikashona pazia la mwenye nyumba, na nilikuwa nimeanza kuangalia vitambaa vya meza alipotokea mtu mwembamba, tope tupu, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa isiyomwenea kifua.

Janvier ni mzaliwa wa Masisi na anajivunia Kiswahili chake. Aliniambia kwamba huko chini msituni watu ni wema lakini Kiswahili chao kinachechemea, kwa sababu nyumbani wanasema Kinyanga. Ujumbe alipewa na katekista wa kijiji kimoja, Papa Zakaria, mbele ya mlango wa kanisa.

"Na wewe uliufikisha vile vile?" nikauliza.

"Vile vile," akasema. Halafu akaongeza, akifunga madumu yake: "Kulikuwa pahali moja pa kupinda, nikapanyoosha kidogo."

Ningemwuliza ni pahali gani. Sikumwuliza, kwa sababu mvua ilikatika na akaniambia nipande sasa hivi au nibaki nishone pazia la kanisa.

Nyabiondo na kushuka msituni

Baada ya Nyabiondo malisho yanaisha, vilima vinajikunja, na miti inaanza kukufunika kichwa. Joto linapanda miguuni kadiri unavyoshuka. Kuna daraja la magogo ambalo Janvier alinitaka nilivuke kwa miguu huku yeye akilipita na pikipiki akiimba. Nilipomwuliza kwa nini anaimba, akasema akinyamaza anasikia magogo. Kuna pahali vijana wenye silaha walitusimamisha pia, na huko hatukutania. Janvier alizungumza nao kwa upole, sisi tukatazama chini, wakatuachia. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Wengi wenu mnajua linavyofanana.

Kijiji kimoja tulikula lituma, ndizi zilizochemshwa zikatwangwa, pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyojaa mawese. Nilikula hadi mwenye kibanda akauliza kama Shasha kuna njaa. Nikauliza kama wanamjua Kapiteni Mashauri wa mbele huko. Yule mwenye kibanda akajibu mara moja, akipangusa meza: "Kapiteni? Alipita hapa juzi, alikuwa anapeleka mafuta ku soko."

Kijiko kilinianguka. Janvier akanyanyua kidole kama wakili: "Nilikuambia nini mimi?" Nikapanda pikipiki. Lisemwalo lipo, nikajisemea, na kama halipo laja. Kwa mara ya kwanza nikaacha kuogopa, nikaanza kupanga matusi. Nilikuwa nayo ya kutosha kufika hadi Kisangani. Lakini katikati ya matusi nilijikuta natabasamu, kwa kuwa baba yangu aliyekuwa hagusi jembe sasa anabeba mafuta sokoni, na nilitaka kuona anavyoyabeba.

Kijijini: firigisi

Tulifika mchana. Nilishuka nimekufa mgongo, nikatua mfuko wangu chini, na mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema karibu: "Repo, mama."

Neno la meza yetu, katikati ya msitu wa Walikale, kinywani mwa mtu nisiyemjua. Nani angewafundisha isipokuwa yeye? Nikasema moyoni: yu hai. Nikasema: Mungu wangu, yu hai, na matusi yote yakanitoroka.

Papa Zakaria, katekista, alitupokea kwa furaha kubwa. Ni mzee mfupi mwenye koti la suti juu ya kaptura. Nilimwuliza baba yuko wapi.

"Papa yako iko ku shamba, anakuya sasa hivi," akasema. "Tumeshachinja kuku. Ukae."

Nikakaa barazani kwake na viatu mapajani. Kuku akaletwa. Papa Zakaria akatoa firigisi kwenye sufuria, akaiweka peke yake kwenye kisahani, akaifunika. Mnajua firigisi ya kuku hailiwi na yeyote tu, ni ya baba mwenye nyumba. "Hii ni ya Papa yako," akasema, "asipoikuta hapa itakuwa kesi." Nilikiangalia kile kisahani. Sijawahi kuangalia chombo kwa namna ile. Nilikuwa nawaza atakuwa na mvi kiasi gani, na kama atanijua.

Akaja mwanamke. Kijana, mrefu, mikono ya jembe, kikapu cha ndizi mgongoni kimeshikwa kwa kamba ya paji la uso. Watu wakamwambia "Repo, Kapiteni," akakitua kikapu, akanawa, akaketi mbele yangu, akafunua kisahani na kuitia firigisi mdomoni. Kisha akanipa mkono, akitafuna.

"Karibu, mutoto yangu," akaniambia. "Mimi njo papa yako."

Mimi nina watoto watatu, na huyu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka ya kutosha. Sikucheka. Nawaambia ukweli, nilimchukia. Nilimwona amekula firigisi ya baba yangu mbele ya macho yangu. Halafu nikaelewa, yote mara moja, kwa sababu desturi hii naijua tangu utotoni, hata kwetu ipo: aliyebeba jina la mtu ni mtu yule. Mtoto aliyepewa jina la babu yake, mama yake mzazi humwita papa. Huyu alikuwa ndoyi wa baba, mwenye jina lake. Na kama kijiji kina ndoyi wake anayekula firigisi, basi mwenyewe haili tena. Baba yangu alikufa pale barazani, mchana ule, nami nikamlilia kama aliyekufa jana. Papa Zakaria alitaka kuninyamazisha, yule mwanamke akamzuia, akanishika kichwa akakilaza begani mwake hadi nilipomaliza.

Ndipo Papa Zakaria akauliza, kwa mashaka, kama ujumbe haukufika vizuri. Nikamwambia ulifika: baba yetu yu hai na anataka kuoa.

"Kuoa?" akasema mzee. "Mimi nilisema kuolewa. Papa yenu anataka kuolewa."

Tukamgeukia Janvier. Alikuwa na paja la kuku mkononi, na hakulirudisha.

"Mwanaume haolewi," akajitetea. "Niliona mzee anachoka na Kiswahili, nikamusaidia. Na mujumbe hauawi."

Mashauri, huyu wa kike, alicheka kwanza, kisha mzee, kisha mimi, na machozi yangu bado yanatoka. Nilimtolea viatu alivyonipa mama, nikamweleza amri niliyopewa. Akaingiza miguu, ikaogelea ndani, akatembea baraza zima akiviburuta. "Papa niko," akasema, "lakini mama yako atasema hapana."

Kaburi

Habari yenyewe nilisimuliwa na mama yake mzazi, ambaye hapo kijijini wanamwita Mama Kapiteni. Vita ilipofika, watu walikimbilia msituni. Yeye alikuwa na mimba ya siku za mwisho, miguu imevimba, na wenzake walimwacha chini ya mti wakilia, kwa kuwa hawakuwa na nguvu. Afisa mmoja akapita na askari wachache waliobaki naye. Akawaamuru wakate miti miwili na kufunga kipoyi, kile kitanda cha kubebea mtu mabegani.

"Kipoyi sisi tulikijua kama kitu ya wakubwa," alisema Mama Kapiteni. "Mukubwa anapanda, mudogo anabeba. Huyu mukubwa alishika muti ya mbele yeye mwenyewe. Na wakati walinishusha, alisema, repo."

Hawakulijua neno. Walidhani ni baraka ya lugha ya kwao yule afisa, inayosemwa kwa mtu anayetua mzigo, wakaishika. Tangu siku hiyo hakuna mzigo unaotuliwa kijijini pale bila kuambiwa repo. Nilimwambia ni neno la askari tu, la kulegeza miguu. Akafikiri kidogo, akasema basi ni baraka.

Mtoto alizaliwa na wiki hiyo hiyo homa ikamshika baba. Hawakuwa na dawa. Alikufa kitandani, katika nyumba ya watu waliompenda, na kabla ya kufa alizungumza juu ya mke wake anayeuza samaki kando ya ziwa. Jina la kijiji chake hawakulishika. Mtoto alikuwa wa kike, na wazee wakasita kumpa jina la afisa. Mama Kapiteni aliwaambia jina halivai suruali.

Kaburi liko nyuma ya kanisa, limezungushiwa mawe, halina hata jani moja la magugu. Jina limechongwa kwenye mti wa msalaba. Mashauri hulilima kila Jumamosi tangu aweze kushika jembe. "Hapa kijijini niko mutu moja tu anayelima kaburi yake mwenyewe," aliniambia, na hakuwa anajisikitikia hata kidogo.

Kisha akanieleza haja yake. Mwalimu mmoja wa Walikale mjini amemposa, na yeye anampenda. Lakini jina lile walilichukua bila kuwauliza wenyewe. Akiwa nyumbani kwao, jina liko mahali lilipoachwa. Akiolewa, atalipeleka kwenye nyumba nyingine, na wenye jina hawajui hata kama lipo. Aliwaambia wazazi na mchumba kwamba haendi popote kabla ya mke wa Kapiteni kukubali. Miaka miwili sasa wanatuma habari kwa kila anayekwenda upande wa ziwa, na mchumba amevumilia, maskini, ingawa amekonda.

Nilipiga magoti pale kaburini, nikasema niliyoyasema. Hayo si yenu. Nilipoanza kuchota udongo kwa ajili ya mama, Mashauri alinishika mkono.

"Udongo itamwambia nini?" akasema. "Unibebe mimi."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile lakini haikuwa na urefu ule. Watu watatu kwenye pikipiki ya Janvier, na ndizi, na dumu la mawese ambalo Mama Kapiteni alisema ni la mke wa Kapiteni, yaani mama. Janvier hakuimba hadi Nyabiondo, kwa aibu, halafu akasahau aibu. Mashauri hakuwahi kuona ng'ombe wengi vile. Alishangaa kwamba wanasimama tu.

Mtandao wa simu niliupata juu ya kilima Masisi. Mama hakuniamkia. Aliuliza: "Viatu vilimuenea?" Nikamwambia hapana, mama. Nikasikia ziwa nyuma yake, na watu wanapiga bei. "Basi urudi," akasema. Nikamwambia lakini nakuja naye, ndipo simu ikakatika, na sikupata mtandao tena hadi Sake. Sijui alifikiria nini juu ya maneno yale. Hajaniambia.

Shasha tulifika jioni, jua bado lipo. Nilidhani nitamkuta ndani, majirani wamemzunguka. Hakuwepo. Alikuwa anapanda kutoka ziwani na beseni limejaa kichwani, kwa kuwa mama yangu uchungu huubeba pamoja na samaki. Alituona mlangoni, akasimama mbele yetu, wima, shingo haitikisiki. Nikamwambia mama, huyu anaitwa Mashauri, ana jina la baba, ni yeye anayeomba ruhusa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia yote. Hayo ndiyo yaliyotoka.

Mama alimtazama miguu hadi kichwa. Mashauri hakungoja amalize. Alifanya kama wanavyofanya kwao kwa mtu mzima mwenye mzigo: akanyoosha mikono, akalishika beseni, akalishusha kutoka kichwani kwa mama, akaliweka chini. Sikumfundisha. Sikuwa nimemwambia lolote juu ya siku ile ya gadavu mlangoni.

"Repo, mama," akasema.

Mama alikaa chini pale pale, juu ya udongo, kando ya beseni lake, akalia kwa sauti, na majirani wakatoka, na matanga ya baba yangu yakaanza. Kwa sauti ile najua watu walidhani amefiwa leo. Alilia hadi alipotosheka. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akamvuta Mashauri akae karibu yake, akaushika mkono wake akaukagua kucha moja moja, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

"Haya," akasema mama. "Aolewe."